Viatu vya Elasa Vilivyovuka Besori

Miguu ya Elasa iligoma pale pale ukingoni mwa kijito cha Besori. Haikuvunjika, haikuvimba sana, iligoma tu, kama punda anayekaa chini katikati ya njia na kukutazama. Alijaribu kusimama mara ya kwanza, akaanguka kwa magoti. Mara ya pili akashikilia kichaka, kichaka kikang'oka. Mara ya tatu hakujaribu tena, akabaki amekaa na kile kichaka mkononi.

Na wala hakuwa mvivu, jamani. Wanaume wote mia sita wa kundi lao walikuwa wametembea siku tatu kutoka kaskazini, walikokwenda vitani wakarudishwa bila hata kurusha jiwe, na walipofika nyumbani Siklagi wakakuta hakuna nyumbani. Waamaleki, wezi wa jangwani, wamepita. Mji umeteketea, majivu bado yana moto chini, na wake zao na watoto wao wamesombwa wote. Wanaume wenye ndevu zao walilia mpaka sauti zikakauka. Halafu wakainuka vilevile, bila kula, bila kulala, wakaanza kuwafuata wezi mbio mbio hadi hapo Besori.

Elasa alikuwa na mke, Hogla, na ndoa yao ilikuwa na mwaka mmoja na miezi kadhaa. Asubuhi ile ya kuondoka kwenda kaskazini walikuwa wamenuniana kidogo. Elasa ni mtu wa polepole, kila safari hufika wa mwisho, na Hogla alikuwa amemwambia kwamba safari hii akirudi nyuma ya wenzake kama kawaida yake, atakuta chungu kitupu. Basi maneno hayo yalikuwa yakimzunguka kichwani tangu Siklagi. Na sasa hata huo mwisho asingefika. Wenzake wangemfuata Hogla, yeye angekuwa amekaa na kichaka.

Jemadari wao alipita akiwatazama waliolala chini. Walikuwa kama mia mbili. Hakumtukana mtu. Akasema hao wabaki walinde mizigo, wengine waache kila kitu hapo waende wepesi. Waliotukana ni wenzao, na aliyeongoza alikuwa Gera.

Huyu Gera alikuwa jirani yake Elasa, nyumba zao zilishirikiana ukuta mmoja, na alikuwa mkubwa wa mwili na mkubwa zaidi wa mdomo. Akaja akasimama mbele yake.

"Kaka Elasa," akasema, "huo mti unaupanda au unauuza?"

Watu wakacheka. Elasa akainamisha macho, na alipoyainamisha ndipo akaona miguu ya Gera. Ilikuwa imefungwa matambara, na matambara yamelowa damu.

"Viatu vyako viko wapi?"

"Viliungua," Gera akasema, sasa bila utani. "Niliingia kwenye majivu kumtafuta mama."

Mama yake Gera naye alikuwa amechukuliwa. Hakuna aliyecheka tena. Elasa akaanza kufungua viatu vyake, polepole kama alivyofanya kila kitu, akavitoa vyote viwili. Vilikuwa viatu vizuri. Hogla ndiye aliyevishona, na kamba ya mguu wa kushoto ilikuwa nyekundu kwa sababu ngozi nyeusi ilimwishia katikati ya kazi.

"Chukua. Miguu yangu ndiyo iliyokataa, viatu havijakataa. Angalau vyenyewe vifike."

Gera akavivaa. Visigino vyake vikabaki nje kama watoto wanaochungulia dirishani. Akauliza kama kuna neno la kumpelekea Hogla. Elasa alifikiri kweli kweli, akakosa.

"Mwambie tu," akasema.

"Haya, nitamwambia tu," Gera akajibu, akavuka maji na wenzake mia nne, na vumbi lao likaenda likipungua mpaka likaisha.

Waliobaki walilala kama magunia. Kesho yake ndipo wakaanza kusogea, wakala tini kavu na bisi za ngano, wakaipanga mizigo vizuri ili watu wakirudi kila mtu alione furushi lake. Mzee mmoja aitwaye Shobali, mwenye meno manne na maneno mengi, alisema kazi yao ni ya heshima sana, wanalinda mablanketi ya watu wasiibiwe na mijusi. Elasa hakucheka. Alikuwa akitunga maneno ya kumwambia Hogla. Alianza na kwamba njia ilikuwa mbaya. Akabadilisha, akasema jua. Akabadilisha tena, akasema aliagizwa abaki, mtu huwezi kumkatalia jemadari. Shobali alikuwa akimsikia akinong'ona peke yake.

"Hilo la jemadari sema kwa haraka," mzee akamshauri. "Ukisema polepole atapata nafasi ya kuuliza swali."

Mchana miguu ikapata nguvu kidogo, Elasa akasimama, akataka kuwafuata wenzake. Shobali akamwuliza anakwenda na nini, pekupeku kwenye nchi ya miiba na mawe ya moto. Elasa akapiga hatua kumi na mbili, akarudi kwa hatua ishirini, akakaa akitoa mwiba. Hapo ndipo wasiwasi ulipomshika vibaya. Maneno ya kusema alikuwa nayo matatu, lakini je, kama hakuna wa kuambiwa?

Siku iliyofuata, jua likiwa katikati, walisikia kondoo. Kwanza sauti, halafu vumbi, halafu kondoo wenyewe, kondoo wengi mpaka hujui wanaanzia wapi, na mbuzi, na ng'ombe, na ngamia wanatembea kama wamechukizwa na kila mtu. Na juu ya kelele zote hizo, wanawake wanaimba.

Walinda mizigo waliingia majini na nguo zao. Watu walikuwa wakiitana majina, wakikumbatiana, mtoto anapitishwa mkono kwa mkono kama mkate wa moto. Elasa alisimama katikati ya kijito, maji magotini, anaangalia miguu ya watu badala ya nyuso. Akaiona kamba nyekundu. Viatu vyake vimerudi, Gera ndani yake, na kando yake mama yake amekalia punda. Elasa akamwita. Gera akageuza uso upande wa pili, akapita.

Mtu anayeleta habari njema hageuzi uso.

Alikuwa bado amesimama hivyo alipopigwa ngumi ya mgongo. Akageuka, akapigwa nyingine ya kifua, halafu akashikwa shingoni kwa nguvu mpaka wote wawili wakakaa majini. Alikuwa Hogla, nywele zimejaa vumbi, analia na kucheka kwa pamoja.

"Uko hai," akasema. "Uko hai, mjinga wewe."

Elasa akatafuta maneno yake yote matatu. Yalikuwa yamekwenda na maji.

"Miguu ilikataa," akasema. "Nikabaki na mizigo."

"Najua ulibaki na mizigo. Nilipoambiwa umebaki na mizigo nilikaa chini nikacheka mpaka wenzangu wakadhani nimeharibikiwa." Akajifuta uso kwa mkono uliolowa, ikawa kazi bure. "Nilikuwa nimejificha chini ya mkokoteni, vita viko juu, naona miguu tu. Nikaona viatu nilivyoshona kwa mkono wangu viko kwenye miguu ya mtu mwingine. Nani anavuliwa viatu, Elasa? Maiti. Nilikulilia tangu jua linachomoza mpaka linazama. Vita vilipoisha nikamkamata yule mwenye viatu kwa kifundo cha mguu, nikamwambia nionyeshe ulipomvua mume wangu. Kumbe ni Gera. Akaniambia umempa mwenyewe."

"Nimekuwa wa mwisho tena."

"Ndiyo. Na chungu ni kitupu kweli, maana hakipo. Kimebaki Siklagi vipande vipande." Akamvuta wasimame. "Twende tukale vya Waamaleki."

Lakini huko kwenye kula ndiko kulikokuwa na maneno. Mifugo ile ilikuwa mingi kuliko iliyoibwa, na baadhi ya waliopigana walikuwa wamekwisha amua njiani. Walisema waliolala kijitoni wapewe wake zao na watoto wao, basi, waondoke. Hakuna mbuzi, hakuna punje ya nafaka, na kundini wasirudi. Kundi lile lilikuwa la watu wasio na kwao, mfalme mwenyewe anawawinda milimani, na nyumba ya Siklagi imeungua. Mtu akifukuzwa hapo pamoja na mke wake, mikono mitupu, jangwa ndilo litakaloamua.

Gera alikuwa kati yao. Sasa Elasa akajua kwa nini aligeuza uso.

"Kwa Elasa hakuna hata la kujadili," Gera akasema, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. "Alivua kiatu akanipa mimi, mbele ya mashahidi. Desturi yetu mnaijua. Fungu lake ni langu."

Jambo la kiatu si jambo la kuchezea. Mashamba yamehama ukoo kwa kiatu, wajane wamepata waume kwa kiatu. Mtu akivua akampa mwenzake mbele ya watu, amemwachia haki yake, na hakuna mzee atakayeirudisha. Hata Shobali alifunga mdomo, na hilo halikuwa limeonekana kwa miaka. Elasa mwenyewe alianza kujiuliza kama kweli ndicho alichofanya. Alikumbuka kuvua. Alikumbuka mashahidi.

Hogla akasogea mbele. Nguo zake zilikuwa bado zinachuruzika.

"Shemeji Gera," akasema kwa upole ambao Elasa aliufahamu, na akamwonea Gera huruma. "Alikupa vingapi?"

"Vingapi nini?"

"Viatu."

Gera akaangalia chini, kama vile anaweza kukuta jibu jingine. "Viwili."

"Babu yangu alipomwachia ndugu yake shamba la Karmeli, nilikuwepo. Alivua kimoja. Akarudi nyumbani mguu mmoja peku, anachechemea, bibi akamcheka wiki nzima. Kimoja, shemeji. Mtu akikuachia haki yake anakupa kimoja. Akikupa viwili, amekuazima viatu."

Aliyeanza kucheka ni Shobali, akatoa meno yake yote manne, na akasema ndiyo, yeye ni shahidi, vilikuwa viwili na aliviona vikiondoka vyote. Kisha kicheko kikaenda kikiruka mtu hadi mtu, waliopigana na waliolala, mpaka watoto wakacheka bila kujua kwa nini. Jemadari akaja kuuliza kuna nini. Akaelezwa, akacheka naye, halafu akainua mkono wamsikilize. Akasema ushindi huu wamepewa na Mungu, hakuna aliyeutengeneza mfukoni mwake. Fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyekaa na mizigo ni sawasawa, leo na siku zote. Na iliandikwa ikawa sheria, na mpaka leo ni sheria.

Jioni, mafungu yakigawanywa, Elasa na Hogla walipata mbuzi watano na ngamia mmoja ambaye hakuna aliyemtaka kwa sababu anauma. Hogla akaanza kumsemesha. Elasa alikuwa amekaa anakula mkate wa zabibu kavu alipoona Gera anakuja, na nyuma yake mama yake, na mama ana fimbo. Inaonekana walikuwa wamezungumza. Sikio moja la Gera lilikuwa jekundu kuliko la pili.

"Mama anasema," Gera akaanza, "nilikwenda kumkomboa kwa viatu vya mtu, halafu nikamnyima mtu huyo mbuzi."

"Sema na yako," mama akasema kutoka nyuma.

Gera akakohoa. Akainama, akafungua kiatu cha kushoto, chenye kamba nyekundu, akakishika mbele kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka. Waliokuwa karibu wakageuka kutazama.

"Jemadari ameamua yake. Hii ni yangu," akasema. "Kimoja, mbele ya mashahidi. Neno lolote nililonalo juu yako, kaka, nimeliacha."

Elasa akakipokea. Kilikuwa kimepanuka kama mtumbwi, na kisigino kimeliwa na mawe ya nchi ambayo yeye hakuikanyaga. Akakitazama muda mrefu, jinsi alivyokuwa akifanya kila kitu, kisha akakivaa.

"Na kile kingine?" akauliza.

"Kile umeniazima. Nitakirudisha Siklagi."

Basi kesho yake kundi zima liliondoka Besori likiimba, na nyuma kabisa, nyuma ya kondoo wa mwisho, walikuja wanaume wawili wameshikana mabega, kila mmoja na kiatu kimoja na mguu mmoja peku, wanaruka ruka kwenye mawe na kulaumiana kila mmoja akimwambia mwenzake kwamba anamchelewesha. Hogla alikuwa amekwisha tangulia mbali, juu ya ngamia yule anayeuma. Alifika kilimani, akageuka kuwatazama, akamsimamisha ngamia, akakaa kuwangoja.