Herufi Aliyoimeza Shemeji

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo la kweli kuliko mengine yote. Nimechoka mgongo, nimechoka macho, nimechoka hata kugomba, na wanaonijua wanajua kugomba hakunichoshi hivi hivi.

Miezi miwili iliyopita niliacha kazi. Nilikuwa nimekaa miaka kumi na moja kwenye ofisi ya ramani, nachora nyumba za watu, bosi anatia sahihi yake chini. Siku ya kuaga nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Alisema tu, "Nenda, dada. Kiti chako simpi mtu." Maneno yale nayasikia mpaka leo.

Kompyuta ya kufanyia kazi nyumbani niliiunga mwenyewe, kifaa kimoja kimoja, juu ya meza ya kulia chakula. Aliyenielekeza ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, fundi anayekaa mji mwingine. Kila kitu kwa simu. Shemeji ana akili nyingi, ila anaongea kama mtu aliyeacha maziwa jikoni, nusu ya maneno anayameza.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa mkandarasi. Aliniletea ramani za nyumba ya ghorofa moja, ngazi upande wa nje, baraza la mviringo juu, akataka picha za rangi, zile zinazoonyesha nyumba kana kwamba imeshajengwa. Zimfikie Ijumaa saa nne asubuhi, awaonyeshe wenye nyumba. "Ukinifanyia hii vizuri, kazi zangu zote ni zako," alisema. Hesabu ilikuwa rahisi: ikipita hii, nimejiajiri kweli. Ikikwama, narudi kwenye kile kiti.

Kuchora nilishamaliza, kwenye kompyuta ndogo ya mume wangu iliyozeeka. Ilibaki kuipika picha, ndivyo tunavyosema ofisini, yaani mashine ikae ikokotoe mwanga na vivuli mpaka picha iive. Kile kikongwe cha mume wangu ukikipa kazi ya kupika kinazimika papo hapo.

Basi Jumatatu nikachomeka kadi ya grafiksi, ile inayoleta picha kwenye kioo, kwenye mashine mpya. Kadi nene, feni mbili, imejaa mkono. Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo cha kompyuta kikabaki cheusi tii.

Jumanne asubuhi nikampigia shemeji. Simu nikaiweka spika, mikono yangu yote imo ndani ya kasha la mashine. Mama mkwe alikuwa kwenye kochi, anachambua mchele.

"Shemeji, hii mashine yako haina adabu."

"Imemfuata mwenyewe," akacheka. "Haya, toa kadi. Kuna grafiksi nyingine ndogo, ya ndani, imo humo humo. Waya wa kioo uchomeke nyuma, kwenye bodi yenyewe."

Nikafanya hivyo. Picha ikaja! Nilipiga kelele mpaka mama mkwe akamwaga mchele.

"Imewaka, shemeji!"

"Ya ndani zima hiyo!" akasema, na mtandao ukakatika.

Sawa, nizime. Nikaingia kwenye ukurasa wa mipangilio, ule unaokuja kabla mashine haijaamka vizuri, nikaitafuta ya ndani, nikaizima. Tena nikajiona mjanja: kumbe mbili zilikuwa zinagombana, lazima moja inyamaze. Nikarudisha kadi kubwa. Giza. Nikaitoa, nikarudisha waya nyuma kwenye bodi. Giza vilevile. Hata kale kapicha nilikokuwa nako kameondoka.

Shemeji hakupatikana tena siku hiyo wala Jumatano. Alikuwa amekwenda kufunga mashine za watu mahali ambapo simu haishiki. Jumatano nzima nilitoa na kurudisha. Nilibadilisha waya. Niliazima kioo cha jirani. Bati la kasha likanichana kidole. Mume wangu alipotoka kazini akasema, "Si upumzike kidogo?" Nikamwambia apumzike yeye kwa niaba yangu. Kisha nikakaa sakafuni nikalia, waziwazi, wala sikuona aibu. Nilikuwa naogopa. Kile kiti nilikuwa nakiona kabisa, na mto wake uliobonyea upande mmoja.

Alhamisi saa tatu asubuhi shemeji akapatikana.

"Niliizima ya ndani kama ulivyosema," nikaanza, "na tangu hapo—"

"Uliizima? Nani alikwambia uzime?"

"Wewe! Usinitie wazimu, shemeji!"

"Mimi? Siwezi kusema hivyo hata usingizini."

Mama mkwe akainua kichwa kwenye kochi. "Alisema *nzima*," akasema taratibu. "'Ya ndani nzima hiyo.' Huyu anameza herufi tangu mdogo. Mimi ndiye niliyemzaa, namsikia."

Nikamgeukia. "Mama, ulisikia tangu Jumanne?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuona unabonyeza kwa uhakika, mwanangu. Nikajua ndio ufundi wenyewe."

Sijui kama nilitaka kucheka au kulipuka.

"Nilitaka kusema ya ndani haina ubovu, ufanyie kazi hiyo," shemeji akasema kwenye simu, safari hii neno moja moja. "Bodi ni ya zamani, kadi ni ya juzi. Hazijuani. Hata ungekesha. Pole sana, shemeji. Sasa kuna kabetri ka duara kwenye bodi. Chomoa umeme, katoe, subiri dakika tano, karudishe. Itasahau kila ulichoiambia."

Nikakatoa, nikasubiri, nikakarudisha. Picha ikaja. Safari hii sikupiga kelele.

Nikaanza kupika. Mashine ikafikiri, halafu ikaandika muda uliobaki: saa arobaini na moja. Nikahesabu kwa vidole, nikarudia, maana sikutaka kuamini. Ningeanza Jumanne ile ile, picha zingekuwa zimeiva alfajiri ya leo. Mashine niliyokuwa naitafuta nilikuwa nayo, nikaizima kwa mkono wangu.

Nikampigia mkandarasi kumwomba anisogezee mpaka Jumamosi.

"Dada, wenye nyumba wanasafiri kesho mchana," akasema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Wacha nijaribu kwingine."

Saa saba simu ikalia. Bosi.

"Dada, najua umeondoka, lakini nisaidie. Kuna kazi imeingia sasa hivi, picha za nyumba, zinatakiwa kesho saa nne. Mashine zipo, mtu wa kuchora usiku mmoja sina. Nani mwingine anaiweza kama si wewe?"

"Ina ngazi upande wa nje?" nikauliza. "Na baraza la mviringo huku juu?"

"Umejuaje?"

"Nakuja," nikasema. Nikanakili mchoro wangu, ukaingia kwenye kifaa kisichozidi kidole, nikakitia mfukoni. Mashine nikaiacha inapika. Nikainama kutafuta viatu chini ya meza.

"Unakwenda wapi na jua hili?" mama mkwe akauliza.

"Kazini, mama."

Akaitazama meza, kasha lililo wazi, kioo kinachowaka, na mimi.

"Si uko kazini, mwanangu?"

Nikafunga kamba za viatu, cha kulia, kisha cha kushoto.