Kisanduku cha Hapana

Wakhungu alikuwa na mwandiko mzuri, na mwandiko huo ndio uliomponza. Katika kanisa lao la Cheptais, alikokuwa shemasi, kila kilichohitaji kuandikwa kilipelekwa kwake: kadi za harusi, barua za chifu, ratiba za mazishi. Siku za kazi alikuwa Kitale, wakala wa kampuni ya bima ya afya. Jumamosi alipanda mlima kurudi kwao na mkoba wake wa ngozi. Kwa hiyo alipowaambia kina mama wa kanisa kwamba ipo bima ambayo mtu akilazwa anatoka hospitali bila kuuza ng'ombe, hakuna aliyeuliza mara mbili. Shemasi hauzi hewa.

Fomu ilikuwa ya Kiingereza, kurasa nane, herufi ndogo kama mayai ya chawa. Baada ya ibada Wakhungu aliketi mezani karibu na mimbari, kina mama wakapanga foleni. Yeye anasoma swali kwa Kiswahili, wao wanajibu, yeye anatia alama kisandukuni. Swali la kumi na moja lilihusu presha, la kumi na mbili ugonjwa wa sukari.

"Mama Kibiwott," alimwambia Sally Jepkorir, muuza viazi ambaye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo pale kanisani. "Umewahi kuugua presha?"

Sally akacheka. "Shemasi, si ulikuwa hapa? Mimi niliponywa."

Kweli alikuwepo. Wiki tatu kabla, Sally alisimama mbele ya kanisa zima akashuhudia kwamba presha ilimtesa miaka minne, kwamba Bwana amemponya, na kwamba dawa amezitupa chooni. Wakhungu alipiga makofi mpaka viganja vikamwasha. Sasa foleni nzima ilikuwa imetega masikio. Mtu akijibu ndiyo baada ya ushuhuda ule, amemfanya Mungu nani?

"Andika hapana," Sally akasema.

"Amina!" wakaitikia kina mama nyuma yake.

Hapo ndipo lilipo donda lenyewe, maana Wakhungu alijua. Alijua Kampuni haiulizi kama umepona, inauliza kama umewahi kuugua. Alijua jibu la ndiyo lingeipeleka fomu Nairobi ikalale huko miezi, bei ipande, na Sally angoje mwaka mzima kabla presha yake haijaanza kulipiwa. Aliyajua pia maneno ya Wahome, meneja wake: fomu safi hutembea haraka, na kamisheni huifuata nyuma. Angeweza kumvuta Sally kando akamweleza. Lakini mvua ilikuwa inakuja, fomu zilikuwa ishirini na tatu, na kina mama walikuwa wanamsifu. Akatia alama kwenye Hapana. Alama safi, iliyonyooka.

Miezi saba baadaye Sally akaanguka sokoni, debe la viazi likamwagika juu yake. Kiharusi. Alikimbizwa hospitali moja ya binafsi mjini Bungoma, kwa sababu kadi ya bima ndiyo iliyoelekeza huko. Siku ya tano Kampuni ikaleta barua: haitalipa, mteja alificha ugonjwa. Msichana wa mapokezi alimsomea Kipkosgei, mume wa Sally, bila kupunguza sauti, watu wamejaa mabenchini wanasikiliza. Kipkosgei akauza ng'ombe wawili na kipande cha shamba, akamrudisha mkewe nyumbani na mkono mmoja uliokufa na mdomo uliopinda.

Ng'ombe huzaliwa wengine. Jina ndilo lililokataa kurudi. Cheptais ni ndogo, na ile barua ilifika sokoni kabla ya mgonjwa mwenyewe. Waliokuwa na huruma walisema Sally aliidanganya Kampuni. Wasiokuwa nayo walisema alilidanganya kanisa, kwamba hakuwahi kuponywa chochote. Nyimbo zikaanza kuanzishwa na mtu mwingine. Na shemasi wetu je? Alikwenda kumwona mara moja tu, na mkate na sukari, akaomba sala ndefu amefumba macho, akaondoka kabla ya chai. Mwenye aibu huwa na haraka.

Basi kamati ya Bunge ikaja Bungoma kusikiliza maoni ya wananchi juu ya kurekebisha bima za afya za binafsi, maana watu walikuwa wamechoka. Wahome akampigia Wakhungu simu.

"Vaa fulana ya Kampuni, bana. Ni kusoma karatasi moja tu. Wewe ni mtu wa huko, watakusikiza."

Ukumbi ulikuwa kando ya barabara ya Kibabii, na watu walijaa hadi madirishani. Mwalimu mmoja alisema amekatwa pesa za bima kwenye mshahara miaka kumi na mmoja, na mtoto wake alipougua akaambiwa ugonjwa ule haumo kwenye orodha. Mzee Sukhwinder, mwenye duka la vyuma, alisema fundi wake alikufa akingojea Nairobi iruhusu apasuliwe. "Pesa yetu wanachukua kwa dakika moja," akasema, "kulipa ndiyo wanataka kikao." Ukumbi ukanguruma. Vijana wa nyuma wakapaza sauti, "Wezi! Wezi!" Mama mmoja akataka sheria ilazimishe fomu isomwe kwa lugha ambayo mtu anaota nayo. Mwingine akataka barua za kukataa kulipa zichunguzwe na mtu asiyekula mshahara wa kampuni.

Kisha akainuka Kipkosgei, amevaa koti alilooa nalo.

"Mimi natoka Cheptais," akasema. "Bibi yangu ameitwa mwongo. Sina maneno mingi. Ile fomu ilijazwa na shemasi wetu, ndio yule pale amevaa fulana ya kijani ya Kampuni. Ni mtu wa Mungu. Mwulizeni yeye."

Vichwa vyote vikageuka. Wakhungu akasimama. Nafasi ya kusema kweli ilikuwa wazi mbele yake, hata mlango hauwi wazi hivyo. Akaikunjua karatasi ya Wahome, akasoma: "Fomu zetu hujazwa kulingana na majibu ya mteja. Uaminifu wa mteja ndio msingi wa bima." Alisoma kwa ile sauti yake nzuri ya matangazo ya kanisani. Watu wakamzomea mpaka akaketi.

Kuzomewa hakukumuuma sana. Kilichomuuma kilimfuata nje, penye bomba la maji. Kipkosgei alikuja pole pole, kofia mkononi.

"Shemasi, kwa hivyo alisema hapana?"

Wakhungu akafungua bomba, akanawa mikono iliyokuwa safi.

"Yeye ananiambia ati alikuelezea alikuwa na presha, akaponywa. Lakini siku hizi maneno yake haishikiki, zingine ata mimi sielewi." Kipkosgei aliikunja kofia, akaikunjua. "Basi alinidanganya na mimi pia. Nikifika nyumbani nitaongea na yeye. Unisamehe, nimekutaja mbele ya watu."

Mtu huyu alikuwa anaomba msamaha! Wakhungu alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi ya Bungoma haikujali. Sally alikuwa amebakiza mtu mmoja tu wa kumwamini, na sasa alikuwa karibu kumpoteza huyo naye kwa sababu ya sentensi mbili zilizoandikwa na Wahome.

"Usiongee naye," akasema, na sauti ya matangazo ilikuwa imekwisha. "Mzee, usimwambie kitu. Alisema aliponywa. Ile presha niliijua, kanisa lote liliijua. Niliandika hapana nikijua, ndio fomu ipite."

Kipkosgei hakumpiga. Afadhali angempiga.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua. Ngoja nirudi ndani niwaambie. Nitaandika, nitie sahihi."

"Andika. Hiyo ya Bunge andika. Lakini hawa hawamjui Sally." Akavaa kofia yake. "Jumapili, saa ya ushuhuda. Simama pale alisimama."

Wakhungu akarudi ndani, akaandika kurasa mbili kwa mwandiko wake mzuri, akamkabidhi karani wa kamati. Jioni ile Wahome alipiga simu mara sita, na hakupokea hata moja.

Jumapili Sally aliletwa kanisani akakalishwa mbele kwenye kiti cha plastiki, leso mkononi. Wakhungu aliposimama, watu wakaitikia "Amina" kwa mazoea kabla hajasema lolote. Alipoanza kusema, amina zikakauka. Aliwaeleza yote: swali, kisanduku, kamisheni, karatasi aliyosoma Bungoma. "Mama huyu hakuidanganya Kampuni, wala hakuwadanganya ninyi," akasema. "Mwongo ni mimi." Mchungaji akakohoa, akatazama saa yake. Wakhungu aliona haya hata ya mikono yake, hakujua aiweke wapi.

Sally akainua mkono wake mzima.

"Niulize tena," akasema. Maneno yalitoka polepole, yamepinda, lakini kila mtu aliyasikia. "Ile swali. Ya kumi na moja."

Wakhungu akamtazama mchungaji. Mchungaji akatazama sakafu.

"Mama Kibiwott," akasema, "umewahi kuugua presha?"

Sally aliwageukia kina mama waliokuwa wakisubiri jibu, kisha mumewe. Akajifuta mdomo kwa leso.

"Ndiyo," akasema. "Na dawa nilitupa. Andika."

Shemasi akapapasa mfuko wa koti, kisha wa shati. Siku hiyo hakuja na kalamu. Kanisa lilimtazama akijipapasa, na hakuna aliyecheka. Ndipo Rispah, mweka hazina wa kina mama, akafungua mkoba wake, akatoa kalamu, akaja nayo mbele.

"Ukimaliza na yeye, kuja kwangu," akamwambia, bila kushusha sauti. "Mimi ni ile ya sukari, nayo uliandika hapana. Ya kumi na mbili."

Nyuma yake foleni ilikuwa imeanza.