Familia Moja ya Kiafrika, Texas
Niseme mapema kwamba nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.

Mwaka 2002 nilikuwa nafanya kazi Dallas, katika ofisi ya Daktari Leonce, mchumi, Mtanzania mwenzangu. Serikali moja ya Asia ilikuwa imemwajiri aishauri. Viwanda vyao vya viatu vilikuwa vimefungwa tangu ule msukosuko wa fedha wa tisini na saba, maelfu ya mafundi wako mitaani, na swali lilikuwa moja tu: waanzishe mfuko wa kuwalipa waliopunguzwa kazini mpaka wapate kazi nyingine, au wasianzishe? Mimi nilichapa na kusahihisha ripoti. Kazi yangu ya pili, ambayo haikuwa kwenye mkataba, ilikuwa kupokea simu za ndugu zake wa Bukoba na kuwaambia Daktari yuko safarini. Wakati huo Daktari yuko chumba cha pili anatafuna karanga.

Jibu lake kwa Waasia: wasianzishe. Watu hao wana ukoo, aliandika, na ukoo humpokea aliyeanguka bila kuigharimu serikali hata senti. Juu ya sura hiyo akaweka methali yetu, undugu ni kufaana si kufanana, pamoja na tafsiri yake ya Kiingereza.

Siku moja nilichelewa kazini, nikamweleza sababu. Shemeji yangu Mwita alikuwa amepunguzwa kwenye kiwanda cha vifaa vya simu. Yeye, dada yangu Avelina na watoto wao wanne walikuwa wamehamia kwangu Arlington, chumba kimoja na sebule. Asubuhi hiyo nilipanga foleni ya choo ndani ya nyumba ninayoilipia mwenyewe. Dada na mumewe hawasemeshani. Masomo yangu ya jioni nimeyaacha, kwa sababu jioni Mwita anasambaza piza kwa gari langu. Nilikuwa nalalamika, jamani! Mtu yeyote aliyezaliwa na mama angesikia kwamba nalalamika.

Wiki iliyofuata akanipa ukurasa wa arobaini niuchape. Katikati pana kisanduku, vile visanduku vya mfano wa kweli ambavyo mawaziri husoma wakiruka mengine yote. Ndani yake nilikuwemo mimi. “Familia moja ya Kiafrika, Texas”: watu saba, nyumba moja, hakuna msaada wa serikali, na wote wanaendelea vizuri.

Wanaendelea vizuri! Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini huyu nilimsimulia mwenyewe, kwa mdomo wangu. Jina langu halikuwemo, kwa hiyo si aibu iliyoniuma. Kule Asia wamo kina Mwita na kina Avelina wao, na waziri wao angewanyima mfuko kwa sababu ya foleni ya choo changu.

Nilikifuta. Nikachapa kingine, kutokana na zile simu za Bukoba: “Familia moja ya Kiafrika, Bukoba. Kaka aliuza shamba la kahawa ili mdogo wake asomee uchumi Marekani. Sasa kaka amepunguzwa kazi kiwandani. Dada yao Prudensia amempigia mchumi simu mara kumi na moja. Ameambiwa yuko safarini.” Nikakiweka mezani kwake.

Alikisoma amesimama.

“Theodora, nini hii? Mambo ya familia yangu yanakuhusu nini?”

“Na ya kwangu yalikuhusu nini, Daktari?”

“Mdogo wangu, hii ni policy. Tunahitaji data, si umbea.”

“Basi mpigie dada Prudensia, ahakikishe data.”

Akakunja ile karatasi, akaitia mfukoni. “Kusanya vitu vyako,” akasema. “Kile cha kwanza nitakichapa mwenyewe.”

Nikamuuliza kama sipati hata notisi ya wiki mbili. Akatabasamu. Bora angenitukana.

“Hii ni Texas, hakuna cha notisi. Halafu wewe wasiwasi wa nini? Si una ndugu?”

Niliendesha gari mpaka Arlington nikimtukana njia nzima. Nilipowaeleza wenzangu, Mwita aliinama akatazama zulia. Avelina akamsemesha mumewe kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

“Sasa tutahamia kwa nani?”

Nikachukua simu, nikampigia binti wa baba yetu mkubwa, Clara, anayekaa DeSoto. Tulikuwa hatujaonana tangu Krismasi, kwa hiyo nilikuwa nimeandaa salamu ndefu. Hakunipa nafasi. Nyuma yake watoto walikuwa wanalia, wengi kuliko wale ninaowajua.

“Theo, hapo kwako mko wangapi?”

“Saba.”

“Sisi tuko tisa tangu Ijumaa,” akasema. “Nilikuwa nataka kukupigia wewe.”