Mikono ya Marsiana

Pancras alikuwa mpole, tena ule upole wa kuudhi. Mbuzi wa jirani akiingia shambani kwake, alimtoa taratibu kama anayemsindikiza mgeni. Mkewe Marsiana alizoea kumtania: "Wewe hata mwizi utamwamkia shikamoo." Mimi ni jirani yao, nakaanga chapati banda la pili kutoka lao hapa Nyakanazi, na kwa miaka yote sikuwahi kumsikia mtu yule akipandisha sauti, isipokuwa kanisani alipoimba besi.

Sasa fikiria tulivyoduwaa asubuhi ile aliposimama mbele ya banda lao la kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, madereva wa malori wakisubiri supu, akaanza kuwaporomoshea matusi. Si matusi ya hasira. Yalikuwa matusi machafu, ya uchi, na yeye anacheka. Siku chache kabla alikuwa ameanguka mara ya kwanza, macho yamegeuka, povu mdomoni. Baada ya hapo akawa anaanguka mara kwa mara. Kichwa kikawa kinamuuma hadi anakigonga ukutani. Akasema anasikia watu wakimjadili ndani ya friji. Akaisahau Baba Yetu katikati, akasahau njia ya kutoka chooni kurudi ndani, na Marsiana akawa anamfuata nyuma kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea.

Nyumba ile ilikuwa na mtu wa tatu. Binti yao Deodata alishaolewa Geita, lakini katika chumba cha uani aliishi Zita, dada mkubwa wa Pancras, mjane. Zita ni Msabato, na si Msabato wa mdomoni. Hali nguruwe, na hali chochote kilichopita kwenye sufuria iliyomjua nguruwe. Alikuwa na jiko lake, sufuria yake ndogo, kisu chake, na mboga zake aliziosha mwenyewe. Zamani ilikuwa utani tu. "Wifi, utaingia mbinguni na njaa," Marsiana angemwambia, naye Zita angejibu, "Nitakula hukohuko, wifi, usijali." Wakacheka wote.

Pancras alipougua, utani ukaisha.

Wengi mpaka leo wanamlaumu Aristides, mdogo wake Pancras, aliyekuja kutoka Ngara na sauti yake ya mkutano wa hadhara. Wanamwonea. Mimi nilikuwepo siku ile, na aliyeanza ni Marsiana. Alikuwa anammiminia shemeji yake chai, akasema, wala hakuinua macho: "Mimi najiuliza tu. Kwa nini yeye hali kwenye sufuria yetu? Kuna nini anachokijua humo?"

Kujiuliza tu! Maneno mengine yanavaa kanzu, kumbe yamebeba panga. Aristides akaweka kikombe chini. "Shemeji, kikulacho ki nguoni mwako," akasema, na akaanza kuunganisha mambo: mjane, hana mtoto, anapika peke yake, anaomba Jumamosi. Pancras alikuwa amekaa pembeni, tukidhani hasikii. Alisikia. Katika kichwa kile ambacho kila kitu kilikuwa kinavuja, neno hilo moja likanasa.

Jioni alitoa vyombo vya dada yake uani akavimwaga, watu wote wakiangalia. "Umenila akili!" alipiga kelele. "Mchawi wee, umenila akili!" Zita alimsihi kwa Kisubi, lugha yao ya utotoni, lakini hakusikilizwa. Aliokota Biblia yake na sufuria yake akaondoka. Marsiana alikuwa jikoni anakata vitunguu. Hakutoka nje.

Zita hayupo, na Pancras bado anaanguka. Ndipo nilipotegemea watu wangejiuliza tena, lakini kujiuliza kwetu huwa kunakwenda upande mmoja. Wakasema uchawi wake una nguvu, unafanya kazi hata kwa mbali. Mpaka siku alipoangukia jiko la mkaa akaungua mkono, hospitali ya wilaya ikampeleka Mwanza, na huko wakampiga picha ya kichwa.

Aliyewaeleza ile picha, waliporudi Biharamulo, ni daktari mmoja kijana, Habibu. Aliishika dirishani ili mwanga upite. Ndani ya ubongo wa Pancras kulikuwa na madoa meupe, madogo, mengi, kama punje za mtama zilizomwagika.

"Hivi ni vifuko vya minyoo, mama. Mtu amemeza mayai ya tegu, yakasafiri kwenye damu yakaenda kukaa kichwani. Vingine vimeshakufa, vimekuwa vigumu, na makovu yake ndiyo yanayoleta kifafa." Akasogeza kidole. "Hapa mbele ndipo mtu anapojizuia asiseme lisilosemeka. Pameharibika. Hapa pembeni ndipo anapotunza mambo mapya. Napo pameguswa. Kwa hiyo yale matusi si tabia yake, na zile sauti si mashetani. Ni ubongo unaumwa, kama vile ini linavyoumwa."

"Ni nyama basi?" Marsiana aliuliza. Moyoni alikuwa akisema, huyu naye Mwislamu, ataanza yaleyale ya Zita.

"Siongelei dini, mama. Tena hapa si nyama. Nyama ya nguruwe isiyoiva inampa mtu tegu tumboni, basi, na mwenyewe anaweza asijisikie lolote. Lakini huyo mwenye tegu anatoa mayai kila akienda chooni. Asiponawa vizuri kwa sabuni, mayai yanabaki mikononi, chini ya kucha. Akishika chakula kisichopikwa, kachumbari kwa mfano, anayekula ndiye anayepata haya. Nataka nipime choo cha kila mtu anayeshika chakula hapo nyumbani."

Marsiana alijua jibu kabla ya kipimo. Zaidi ya mwaka alikuwa akiona chooni vipande vyeupe, bapa, kama tambi zilizokatwa. Alidhani ni minyoo ya kawaida, kila mtu anayo, mtu hatangazi. Na kachumbari yake ilikuwa na sifa. Pancras alipenda kuionja ya kwanza, akichota na vidole kutoka kwenye beseni kabla haijawekwa chumvi.

Daktari Habibu alimpa dawa akamwambia, "Hukukusudia, mama. Ungejuaje?"

Ni kweli, na Marsiana aliniambia kwamba kwa hilo peke yake angeweza kuishi. Usiku alilia, akanawa mikono mpaka ngozi ikachubuka, lakini ndani kulikuwa na mahali pa kujitetea. Hakujua. Lile jingine ndilo halikuwa na utetezi. Zita hakula kwenye sufuria yao na Zita alikuwa mzima. Mtu mwenye haki angeuliza sisi tunaokula tuna nini. Yeye aliuliza asiyekula ana nini, na alilisema neno hilo akijua vizuri kabisa kwa Aristides litaishia wapi.

Akapanda gari kwenda Nyamahanga. Zita alikuwa amepewa chumba na muumini mwenzake, analima vibarua, amekonda. Alimkaribisha mgeni wake kiti akakaa yeye kwenye ndoo.

"Wifi, Mwanza wamempiga picha," Marsiana alisema. "Ni minyoo imeingia kichwani. Si mkono wa mtu. Nimekuja kukuomba urudi."

Zita aliuliza, "Hiyo minyoo ilitoka kwa nani?"

Nafasi ilikuwa ile, chumba kina watu wawili, mlango umefungwa. Marsiana alifikiria banda lake. Nani atakula tena kachumbari yake? Nyakanazi nzima ingejua kabla basi la jioni halijapita.

"Daktari anasema haijulikani," akajibu.

"Aha." Zita alimtazama kwa muda. "Aliyenifukuza ni Pancras, mbele ya watu. Aniite yeye. Mimi siingii nyumba ya baba yangu kwa kunyatia."

Kwa hiyo kazi ya Marsiana ikawa ni kumfundisha mumewe. Kila asubuhi baada ya dawa alimwambia: Baba Deodata, dada yako si mchawi, ni ugonjwa wa kichwa. Naye alielewa! Aliitikia, machozi yakamtoka, "Maskini Zita, nilimfanyia nini dada yangu?" Mchana unapofika anauliza kama yule mchawi ameonekana tena mtaani. Dawa zilipunguza kuanguka, zikapunguza na sauti, ila kumbukumbu hazikuirudisha. Lile neno la zamani lilikuwa limekaa. Jipya lilipita tu.

Asubuhi moja Marsiana aliwahi kabla mumewe hajasahau. Alimwambia, akamwona amelia, na palepale akapiga simu akamwekea sikioni. "Dada, nisamehe," Pancras alisema. "Rudi nyumbani, dada yangu." Upande wa pili Zita alilia mpaka simu ikakatika.

Akaja Jumapili, Sabato yake ikiwa imeshapita, na mzigo wake kichwani. Nilikuwa nageuza chapati. Banda la Marsiana lilikuwa limejaa, madereva wa Burundi na wa Dar, na Aristides naye amekuja kumwona kaka. Pancras alikuwa kwenye benchi anamenya ndizi. Aliinua macho akamwona dada yake, na kisu kikasimama mkononi.

"Mchawi!" alipiga kelele. "Nani kamleta mchawi huyu? Mtoeni! Amenila akili!"

Watu wakaacha kutafuna. Aristides akainuka, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kujifanya. "Shemeji, mgonjwa huona tusichokiona. Huyu mama aende tu."

Zita hakurudi nyuma wala hakutua mzigo. Hakumtazama Pancras hata kidogo. Alimtazama Marsiana, akangoja.

Kulikuwa na njia rahisi. Angemshika mumewe akamwingiza ndani, akasema jamani mtusamehe, ni mgonjwa, na kila mtu angeitikia pole. Zita angegeuka na mzigo wake hadi Nyamahanga, na jina lile angekufa nalo. Marsiana akatoka nyuma ya meza, mikono yake imelowa nyanya.

"Si yeye. Ni mimi."

"Shemeji..."

"Nyamaza, Aristides! Siku ile ulisema wewe, leo nasema mimi. Minyoo iliyomwingia Pancras kichwani ilikuwa tumboni mwangu. Hospitali wamenipima wakaikuta. Nilikuwa nakwenda chooni, nanawa maji tu, narudi nakata kachumbari kwa mikono hii. Pancras amekula. Zita hakula, ndiyo maana Zita ni mzima. Na mimi nikamwita mchawi kwa sababu ni mzima."

Dereva mmoja alisukuma sahani yake. Mwingine akatema chini. Marsiana akasema amekunywa dawa, amepimwa tena, hana kitu, lakini viti vilikuwa vinaburuzwa na hakuna aliyekuwa akisikiliza. Nami nilitazama mikono yangu yenye unga, nikaenda kutafuta sabuni.

Pancras alikuwa bado amesimama. "Ni wewe, Mama Deodata?"

"Ni mimi."

Alifikiri. Ilionekana kabisa anavyohangaika kufikiri. Kisha uso ukalegea, akawa yule wa zamani, mwenye upole wa kuudhi. "Basi hukujua," akasema. Akaweka kisu kwenye benchi, akaenda akampokea dada yake mzigo.

Marsiana aliniambia bora angempiga.

Zita alipita mbele yake kuelekea chumba chake cha uani. "Uliniambia haijulikani," alisema.

"Nilikudanganya, wifi."

"Nilijua."

Banda lilikaa kimya siku nzima, nyama ikarudi ndani vilevile.

Kesho yake Zita aliamka mapema akaanza kufagia uwanja. Marsiana alikuwa anawasha moto, nami nilikuwa nimekuja kuwasalimu. Pancras akatoka akijinyoosha, akamwona mtu na ufagio, akaganda mlangoni.

"Huyu mchawi," alisema, "nani kamrudisha humu ndani?"

Zita aliacha kufagia. Hakulia, hakujitetea. Alimgeukia wifi yake.

"Mwambie."

Marsiana aliuacha moto. Alikwenda akasimama mbele ya mumewe, akamshika mikono yote miwili, akaanza upya tangu mwanzo, si yeye, Baba Deodata, ni mimi, tegu lilikuwa tumboni mwangu. Zita alisikiliza mpaka neno la mwisho, ndipo akainama akaendelea kufagia.