Posa ya Mnyonya Damu

Huko Roma sauti za filamu zilitiwa baadaye, kwa hiyo mbele ya kamera mwigizaji alijisemea lolote, hata kuhesabu namba, mradi midomo icheze. Ottavio, aliyeigiza mnyonya damu, alikuwa ameshindwa kumposa mwigizaji mwenzake Fiorenza kwa miezi miwili. Leo, kamera ikizunguka, akamwinamia shingoni.

“Utakubali nikuoe?”

Fiorenza akatoa macho kwa hofu, kama alivyoagizwa. “Na hayo meno?”

“Ya plastiki, mpenzi.”

“Mkubalie, dada,” akanong'ona mtu-mbwamwitu, aliyelala miguuni pao kama maiti. “Manyoya yananiwasha.”

“Basi njoo Jumapili ule tambi kwa mama,” Fiorenza akamwambia Ottavio. “Ila nawa huo unga usoni, atadhani unaumwa.”

“Kata!” akafoka mwongozaji. “Ottavio, mnyonya damu gani anachekelea? Rudieni!”

Ottavio hakubisha. Alitaka kulisikia tena jibu lile.