Mvinyo wa Mziwanda

Kule hotelini alikotumikia ujana wake wote walimwita Kizibo, kwa sababu hakuna chupa aliyoizibua bila kukinusa kizibo chake kwanza, na akikunja uso, chupa ilirudishwa hata kama mteja ameshaisifia. Jina likamfuata mpaka kwenye kustaafu. Mkewe, fundi cherehani, ndiye pekee aliyemwita Baba watoto, na sasa ulikuwa mwaka wa pili hajamwita hivyo. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia mama wa watu polepole, kama unyevu unavyopanda ukutani, mpaka siku moja mumewe alipomletea chai akapokea kikombe kwa adabu na kusema, "Ahsante, bwana weita. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," alijibu Kizibo. Angejibu nini?

Nyumba hiyo ilikuwa na mchezo wake wa sikukuu. Kila mwisho wa mwaka Kizibo alirudi na chupa chache za mvinyo kutoka hotelini, akazifunga vitambaa vya meza ili karatasi za majina zisionekane, akammiminia mkewe. Mwanamke yule hakujua zabibu wala mapipa, na hakutaka kujua. Yeye alionja, akafikiri, kisha akasema huyo ni ndugu yupi. Mweupe mmoja mkavu, wa kukausha ulimi, aliuita Mama Mkwe, na mama mkwe mwenyewe amekaa pale pale anamtazama. Ule wenye mapovu ulikuwa Shangazi: "Anaingia kwa kelele, hata hajakaa kitako, kaisha." Mwekundu mwingine aliuita Wifi, mtamu mbele mchungu nyuma, na jina hilo lilizua ugomvi wa mwaka mzima. Mvinyo wenyewe waliunywa kidogo tu. Walichokinywa hasa ni kicheko.

Ulikuwapo na mmoja mwekundu, mzito, mtamu, wa kunywewa baada ya chakula. Aliuonja sikukuu ile iliyofuata kuzaliwa kwa mtoto wao wa mwisho, akaupa jina la Mziwanda. Huo ulirudi mezani kila mwaka mpaka mziwanda mwenyewe alipofariki, gari alilopanda lilipopinduka akitoka kazini. Tangu hapo hakuna aliyeununua tena, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Mwaka huu Kizibo alipata wazo. Picha zilishindwa, nyimbo zilishindwa, hata cherehani ilishindwa. Huenda ulimi ukakumbuka kilichosahauliwa na kichwa. Alikuwa na haja moja tu moyoni: mkewe amwite Baba watoto, hata mara moja, kabla mmoja wao hajaondoka duniani.

Binti yao mkubwa, muuguzi, alimsikiliza huku akiosha mchele.

"Sikukatazi, baba. Tone tu kila glasi. Lakini usimfukulie mambo. Akimuulizia mdogo wangu, yuko kazini. Kila ukimwambia ukweli, kwake ni msiba mpya."

"Nimesikia, mama."

Alisikia, ndiyo. Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

Alasiri ya sikukuu, vyombo vilipokwisha kuondolewa, Kizibo alivaa koti lake jeupe la kazi, akatupia kitambaa begani. Kiwiko kilikuwa kimeliwa na nondo. Akapanga chupa tatu zilizofungwa vitambaa: wenye mapovu kwanza, mkavu katikati, mtamu mwisho. Alijiambia huo ndio utaratibu wa kazi, mvinyo mtamu huja mwisho kote duniani. Uongo mtupu. Dukani aliishika ile chupa ya tatu, akairudisha rafuni, akaishika tena.

Mkewe alionja Shangazi, akapiga chafya. "Unawasha pua," alisema, basi. Kizibo akaukunja mkono wake wa kushoto nyuma ya mgongo, kama alivyofundishwa, akamimina wa pili. Mkewe akaonja. Midomo ikamkauka, macho yakamtoka.

"Ee! Huyu mama hajawahi kunipenda!"

Binti, aliyekuwa mlangoni na sahani, aliangua kicheko mpaka akaziweka chini. Mama naye akacheka, kicheko chake kile kile cha zamani cha kupiga meza kwa kiganja. Kisha akamgeukia mwanamume aliyesimama na chupa, akamtazama toka juu mpaka chini.

"Na wewe koti hilo si nilikwambia ulilete nikalitie kiraka? Haya, mimina mwingine, baba watoto."

Kizibo alishika ukingo wa meza. Mwenye akili angeishia hapo, akazifunga chupa, akamshukuru Mungu. Lakini aliyeshinda njaa miaka miwili haambiwi tonge moja limetosha. Akamimina wa tatu.

Mkewe alifumba macho. Alikaa nao ule mvinyo mdomoni muda mrefu.

"Mziwanda," alisema. Akafumbua macho, akatazama viti, kimoja kimoja. "Mbona hajaja kula? Yuko wapi?"

Binti akatikisa kichwa kule mlangoni.

"Yuko kazini," alisema Kizibo.

"Sikukuu hii? Usinidanganye, baba watoto. Nakujua."

Na ni kweli, kwa dakika hiyo alimjua. Kizibo hakuweza kumdanganya mtu ambaye yeye alimsubiri kiasi kile.

"Alifariki, mama watoto. Gari lilipinduka. Tulimzika."

Alingoja apige ukunga. Haukuja. Mkewe aliiweka glasi mezani taratibu.

"Nililia?"

"Ulilia mpaka sauti ikakauka."

"Na wewe?"

"Mimi sikulia."

"Baba mzima! Kwa nini?"

"Nyumba ilijaa wageni. Nilikuwa nazunguka na sinia. Nani angewahudumia?"

Mkewe aliinuka, akamnyang'anya ile chupa, akamvua kitambaa begani na kumsukumia kiti.

"Kaa. Leo hakuna wageni."

Kizibo akakaa. Kwanza mabega, halafu kifua, halafu sauti ambayo binti yake hakuwahi kuisikia ikitoka kwake. Alilia kama mtoto, paji la uso juu ya meza, mikono imening'inia. Mkewe alisimama nyuma yake akimpapasa mgongo juu na chini, juu na chini, wala hakumharakisha.

Mkono ukasita. Kisha ukaendelea, kwa upole ule ule.

"Pole sana, bwana," alisema. "Umefiwa na nani?"

Kizibo hakuinua kichwa.

"Na mwanangu."

"Maskini," alisema mkewe, akavuta kiti, akaketi karibu yake. "Lia tu. Mtoto anauma."