Tata wa Makaratasi

Ezron alishuka kwenye gari pale Isyonje, mlimani, na begi la makaratasi, suti ya kijivu na miwani mbili: moja ya kusomea, nyingine ya kutazamia watu waliomzidi matope. Kwenye mlima huo hakuwa ameonekana miaka sita, ukiacha siku ya kumzika kaka yake. Kaka yake huyo, Gwakisa, aliugua miaka miwili kitandani. Aliyemgeuza asubuhi na jioni ni Frida, binti yake mkubwa. Ezron alikuwa Ipogolo, kule Iringa, anatuma salamu. Kwa kutuma salamu hana mpinzani.

Safari hii alikuja kumaliza msiba, na kurithi.

Kwa ukoo wao, marehemu hutafutiwa mtu wa kukaa mahali pake. Mtu huyo huketi kwenye kigoda cha marehemu, watoto wakimwendea mmoja mmoja, mkubwa kwanza. Kila mtoto humwita "Tata", ndiyo baba kwa Kinyakyusa, naye humwitikia mtoto kwa jina lake. Wakiisha wote kuitikiwa sawasawa, shangazi humfunika blanketi la marehemu. Hapo shamba, nyumba na neno la mwisho ni vyake.

Neno la mwisho la Ezron, Frida alishalisikia. Asubuhi alipompelekea maji ya kunawa, alimkuta nyuma ya nyumba anaongea na simu, akiwaita wateja wa shamba kwa majina. "Mwezi wa nane njooni mpime. Viazi tunang'oa, mnapanda parachichi zenu. Mjane? Huyo nitamhamishia kwangu, kuna stoo haina kazi."

Mjane ndiye mama yake Frida.

"Baba mdogo, maji hayo."

"Maji haya! Umesoma mpaka darasa la ngapi wewe?"

"La saba."

"Inaonekana."

Beseni lilikuwa miguuni pa Ezron, mbali na Frida. Maji hayo kabisa. Lakini mtu aliyefundisha lugha sekondari miaka thelathini huwezi kumwambia kitu kuhusu maji.

"Baba mdogo," akasema, "ungekaa na watoto kidogo kabla ya shughuli. Wako jikoni wanamenya viazi."

"Nikae nao ya nini? Watoto ndio wanaotakiwa kumjua mkubwa. Na mila hii usinifundishe, binti, nimeiandikia kurasa arobaini."

"Haya."

Alisema mara moja, hakurudia. Anayekataa kuonyeshwa njia, mwache na umande wake.

Saa nne jua lilipopasha ua, watu wakakaa kwenye mabenchi ya kanisa. Shangazi Sekela, dada mkubwa wa marehemu, alikaa na blanketi magotini. Kigoda kilikuwa wazi. Mtu mwingine angekaa. Ezron alisimama, akafungua begi.

"Ndugu zangu, kabla hamjaniita Tata, mjue mnaniita nani. Neno hili ni dogo, lakini limetembea. Waxhosa kule Afrika Kusini wanasema tata, ni baba. Wabemba wa Zambia, baba. Kilingala, baba. Ukifika Polandi, Ulaya, kwa Wazungu wenyewe, tata ni baba!"

"Huko Polandi wanalima viazi?" Shangazi Sekela aliuliza.

"Wanalima sana, dada."

"Basi wana akili. Endelea."

"Lakini Mkikuyu ukimwambia tata, unamwita shangazi."

"Ehee! Kumbe urithi ni wangu!"

Watu wakacheka. Ezron hakucheka, alibadilisha miwani. Akasema kwa Waswahili tata ni mkanganyiko, uzi uliojifunga. Kwa Wahindi ni jina la ukoo. Waingereza wakiagana na mtoto husema tata, na kumpungia mkono. Kisha akashuka kwenye asili: wako wataalamu wanaosema neno hili halikuazimwa na mtu kwa mtu, ni mdomo wa mtoto mchanga tu, ulimi unagonga nyuma ya meno, na kila mzazi duniani anadhani ameitwa yeye.

Hapo, kwa mara ya kwanza, Frida aliona amesema kweli. Kila mzazi anadhani ameitwa yeye. Na asiye mzazi pia.

Karatasi ya saba ilipoisha, mama yake alikuwa ameinamia kanga yake, uji wa watoto umeganda jikoni. Ezron akaketi. Kigoda kikalia.

Frida akaenda mbele. Neno hilo alikuwa amelisema miaka miwili akiwa na kijiko mkononi: Tata, fungua mdomo. Tata, kidogo tu. Lakini mila ni mila.

"Tata."

"Frida," Ezron akaitika haraka. Huyo alimjua, ndiye wa maji.

Akaja Gloria, wa miaka kumi na minne.

"Tata."

Ezron akamtazama kwa miwani ya kwanza, akamtazama kwa ya pili. Akageuza macho kwa Frida. Jina lilikuwa kwenye ulimi wa Frida, angeweza kulipuliza kama anapuliza moto. Akatazama mbele.

"Gladness," Ezron akasema.

Gloria akarudi kukaa. Minong'ono ikapita kwenye mabenchi. Akaja mvulana wa miaka saba, mwembamba, sweta la shule.

"Tata."

Uso wa Ezron ukang'aa. Huyu alimkumbuka! Alimwacha anatambaa.

"Anania!"

Mama akajifunika uso.

"Mimi Anord," mtoto akasema. "Anania yuko kule." Akanyoosha kidole nyuma ya nyumba, ulipo msalaba mpya wa Gwakisa na mwingine mdogo, umeshapauka.

"Mwaka wa tatu sasa," Shangazi Sekela akasema. "Ulituma salamu, Ezron. Tulizipata."

"Ni... ulimi umeteleza, dada. Anania ni jina la Kiebrania, asili yake—"

"Kaa na asili yako."

Alibaki Asukile, kitindamimba, miaka minne. Alishika sketi ya Frida, hakutoka. Frida hakumsukuma.

Shangazi akalikunja blanketi mara mbili, akampa mama. "Halijapata mtu. Shamba lilimwe na walionalo mpaka apatikane. Chakula!"

Frida mwenyewe alimpelekea Ezron sahani, akampigia goti vizuri kama mtoto aliyefunzwa. Viazi vilitoa mvuke. Kwenye koti la suti simu ikaanza kulia. Ezron akachungulia kioo, akairudisha mfukoni. Ikalia tena.

"Pokea, baba mdogo," Frida akasema. "Hao unawajua kwa majina."